Stika ya ukungu ya dirishani: yenye gundi au isiyo na gundi?

Stika za ukungu zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni za aina kuu mbili: zenye gundi mgongoni, na zisizo na gundi, ambazo hushika kioo kwa kugandamana nacho tu. Zikiwa zimebandikwa vizuri, mtu aliye nje hawezi kuzitofautisha. Zote hukifanya kioo kionekane kama kimepuliziwa pumzi, zote hupitisha mwanga, na zote huficha sura ya aliye ndani. Tofauti hujitokeza baadaye, pale kona ya stika inapoanza kujikunja kila joto linapopanda, au pale mpangaji anapotakiwa kuirudisha nyumba kama alivyoikuta. Kwa hiyo ulinganisho wenye manufaa hauwezi kuishia kwenye maua na michirizi iliyochorwa juu ya stika. Unapaswa kuanza na dirisha lenyewe: liko chumba gani, linatazamwa na nani na kutoka wapi, linahitaji kuficha mchana tu au usiku pia, na kioo chake ni cha namna gani.

Suala la usiku hutangulia suala la gundi

Stika ya ukungu hufanya kazi kwa kutawanya mwanga. Mwanga unaotoka kwenye mwili wa mtu aliye ndani haupiti moja kwa moja hadi kwenye jicho la anayetazama, bali husambaa pande nyingi, na umbo hubaki doa lisilo na mipaka. Hata hivyo, kiasi cha kufichwa hutegemea umbali kati ya mtu na kioo. Mwanga wa kila nukta ya kitu kinachogusa kioo huangukia sehemu ndogo sana ya stika, kwa hiyo umbo lake halipotei. Mwanga wa kitu kilicho mbali huangukia sehemu pana na kuchanganyika na wa nukta za jirani, na hapo ndipo umbo linapoyeyuka.

Jambo hili hujaribiwa kwa urahisi kabla ya kununua stika ya nyumba nzima. Kibandike kipande cha sampuli kwa maji kidogo, mtu mmoja asimame nje na mwingine aweke kiganja kwenye kioo kwa ndani. Kiganja kikigusa kioo, aliye nje ataweza kuhesabu vidole vyote vitano. Kikirudishwa nyuma taratibu, vidole huanza kuungana, na kinapofika umbali wa urefu wa mkono hubaki kivuli cha rangi ya ngozi kisichotambulika. Anayeoga karibu kabisa na dirisha anapaswa kulifanya jaribio hili kwa makini kuliko anayekaa sebuleni, na jaribio la mchana pekee halitoshi.

Usiku, taa ya ndani ikiwaka na nje kukiwa giza, stika hugeuka pazia la kuoneshea vivuli. Kama taa iko upande wa ndani kabisa wa chumba na mtu amesimama kati yake na dirisha, kivuli chake huangukia kwenye stika, na kadiri anavyokaribia kioo ndivyo kingo za kivuli zinavyokuwa kali. Sura haionekani, rangi ya nguo haionekani, lakini mwili na mwendo vinaonekana. Dawa yake mara nyingi haihitaji stika nyingine, bali kubadilisha mahali pa taa. Taa ikiwekwa upande wa ukuta wenye dirisha, kivuli cha mtu huangukia ukuta wa nyuma, na aliye nje huona kioo chote kikiwa na mwanga sawasawa. Mahali ambapo taa haiwezi kuhamishwa, stika nyeupe nzito ya rangi ya maziwa huficha zaidi kuliko ya ukungu mwepesi, ingawa hula mwanga zaidi mchana.

Katika hatua hiihii watu wengi huvutiwa na aina ya tatu, stika ya kioo cha kujitazamia, ile inayosifiwa kuwa aliye ndani huona nje na aliye nje haoni ndani. Sifa hiyo ni ya kweli mchana. Stika hiyo huakisi sehemu kubwa ya mwanga, na upande wenye mwanga mwingi ndio unaojiona wenyewe. Jua likizama na taa ya ndani ikiwashwa, upande wenye mwanga mwingi huwa ni wa ndani, na mambo hugeuka: mwenye nyumba hujitazama kwenye kioo chake ilhali mpita njia anamwona vizuri. Hilo halitokani na ubovu wa stika wala uzembe wa fundi, na hakuna aina ghali zaidi itakayolikwepa, kwa kuwa ndivyo kuakisi kunavyofanya kazi. Stika ya kuakisi ina manufaa yake makubwa, hasa kupunguza joto la jua na mng'ao, mambo ambayo stika ya kawaida ya ukungu huyafanya kwa kiasi kidogo. Lakini kwa chumba cha kulala au cha kuogea haipaswi kuachwa peke yake bila pazia, na muuzaji asiyelisema hilo waziwazi hamtendei haki mnunuzi.

Pazia lenyewe haliwezi kusahaulika katika ulinganisho huu, kwa sababu lina uwezo mmoja ambao stika haina. Stika hulinda dirisha lililofungwa tu. Dirisha la jikoni au la bafuni linalofunguliwa kila siku ili mvuke utoke hubaki wazi kwa macho ya nje muda wote linapokuwa wazi, hata kama kioo chake kimefunikwa chote. Kwa upande mwingine, pazia likifungwa hula mwanga, hushika unyevu na vumbi, na huhitaji kufuliwa. Panapofunguliwa mara kwa mara, stika na pazia jepesi huenda pamoja. Stika hufanya kazi ya mchana kutwa na pazia huvutwa dirisha linapofunguliwa au usiku unapoingia.

Zinavyoshika, na kwa nini huachia

Stika isiyo na gundi kwa kawaida ni plastiki laini ya PVC iliyochanganywa na vilainisho. Ulaini wake ndio unaoifanya ishike: hulala juu ya kioo kwa kukigusa karibu kila mahali, hewa ikishakamuliwa nje pamoja na maji, na haibaki nafasi ya hewa kuingia tena. Ni nene kuliko inavyotarajiwa, na unene huo humsaidia anayeibandika kwa mara ya kwanza, kwa sababu haikunjamani ovyo na huweza kubanduliwa na kurudishwa mara kadhaa mpaka ikae sawa.

Udhaifu wake umo humohumo katika ulaini. Vilainisho hutoka taratibu kadiri miaka inavyopita, na haraka zaidi kwenye dirisha linalopigwa na jua kali. Plastiki hukakamaa, husinyaa, na mshiko wake hupungua. Mwenye dirisha huanza kuona mstari mwembamba wa kioo kitupu kandokando ya fremu, mahali ambapo mwanzo palikuwa pamefunikwa. Kisha kona huinuka. Kona iliyoinuka hukusanya vumbi kwa chini, na penye vumbi stika haishiki tena hadi ioshwe. Bafuni, mvuke unaotiririka juu ya kioo hufanya kazi hiyohiyo ya kuinua kingo, na anayefuta dirisha kwa kitambaa bila uangalifu huweza kuivuta nusu yake kwa mkupuo mmoja.

Stika yenye gundi huwa ama ya PVC nyembamba ama ya plastiki ya poliesta. Poliesta haina vilainisho vya kupotea, haisinyai kwa urahisi, na stika zake nyingi za dirishani zina unene wa takribani milimita 0.05, yaani chini sana ya ile isiyo na gundi. Gundi yake ni ya kugandamizwa: mwanzoni hushika kidogo, kisha hukaza baada ya siku na wiki kadri maji yaliyobaki chini yake yanavyokauka. Ikikaza, haiogopi mvuke, haiogopi kufutwa, na hukaa miaka mingi bila kuguswa. Nyingi pia hutengenezwa na kinga dhidi ya miale ya urujuanimno, ile inayochangia kufifisha vitambaa na samani. Anayeitaka kinga hiyo aisome kwenye maelezo ya stika yenyewe, asidhani kuwa kila kilicho cheupe kinayo.

Gharama ya uimara huo ni kwamba poliesta haisamehi. Ikikunjwa kwa pembe kali wakati wa kubandika, mkunjo hubaki kama mstari mweupe usiofutika. Chembe moja ya vumbi iliyonaswa chini yake huinua kijipu kidogo kinachoonekana kila jua linapopenya. Wakati stika isiyo na gundi inaweza kubanduliwa, kuoshwa na kurudishwa, hii ikishakaza haina marudio, ikibanduliwa, imekwisha.

Kwa hiyo wazo kwamba aina moja ni bora na nyingine ni duni halisaidii. Isiyo na gundi ni ya mtu anayetarajia kuibandua: mpangaji, mwenye mtoto mchanga anayehitaji faragha ya chumba kwa muda, anayetaka kujaribu mwonekano kabla ya kuamua. Yenye gundi ni ya dirisha ambalo uamuzi wake umeshafikiwa. Anayeishi kwake na kulibandika dirisha la bafuni stika isiyo na gundi ili kukwepa usumbufu wa siku moja atakutana na usumbufu mdogomdogo kila mara, na kwa maoni yangu hapo ndipo uchaguzi usiofaa hufanyika mara nyingi zaidi.

Kioo kinachokubali na kinachokataa

Zote mbili huhitaji kioo laini. Kioo chenye vipele, mawimbi au maua yaliyochongwa hakiishiki stika isiyo na gundi hata kidogo, na gundi nayo hushika kwenye vilele tu huku ikiacha hewa mabondeni. Kama kioo kina upande mmoja laini, upande huo unaweza kutumika iwapo uko ndani ya nyumba. Stika nyingi za nyumbani zimekusudiwa upande wa ndani. Zikiwekwa nje, mvua, jua na vumbi huzimaliza upesi.

Dirisha ambalo si la kioo bali la plastiki ngumu, kama akriliki au polikaboneti, linahitaji tahadhari. Plastiki hizo hutoa gesi kidogokidogo, na gesi ikinaswa chini ya stika ya gundi huzaa malengelenge yasiyokwisha kwa kusuguliwa.

Kwa madirisha yenye vioo viwili vilivyounganishwa na kuachiwa nafasi katikati, na vilevile kwa kioo chenye wavu wa chuma ndani yake, suala ni la joto. Stika yoyote hufyonza sehemu ya nishati ya jua na kukipasha kioo. Katikati ya kioo ikipata moto huku kingo zilizo ndani ya fremu zikibaki baridi, msongo hujengeka na ufa unaweza kuanzia ukingoni, hasa kama ukingo ulikuwa tayari na mpasuko mdogo. Stika nyeusi na za kuakisi zina hatari zaidi kuliko nyeupe ya ukungu, lakini mwenye madirisha ya namna hiyo anapaswa kumuuliza aliyeyatengeneza kabla ya kubandika, na pia kuangalia kama dhamana yake inaruhusu. Jambo la kuongeza hapa ni kwamba stika nyembamba ya mapambo isihesabiwe kuwa kinga ya kioo kuvunjika. Zipo stika zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, na ni nene zaidi.

Kwenye chumba cha kuogea lipo jaribio jingine linalofaa kufanywa dukani kabla ya kulipa. Lowanisha kidole na ukipitishe juu ya uso wa sampuli. Baadhi ya stika zina ukungu uliotokana na ukwaruzo wa uso wake, na maji yakijaza vibonde hivyo vidogo mwanga hupita moja kwa moja, hivyo alama ya kidole huonekana kama tundu angavu. Stika ya namna hiyo haifai mahali panaporukiwa na maji ya bomba la mvua, kwani huacha kuficha wakati uleule inapohitajika. Ambayo ukungu wake umo ndani ya plastiki yenyewe haibadiliki inapolowa. Kasoro hiihii hukipata kioo kilichofanywa ukungu kiwandani kwa mchanga au kwa tindikali, na ndiyo sababu upande wake wenye ukwaruzo huelekezwa mbali na maji.

Kioo hicho cha kiwandani, kwa anayejenga au anayebadilisha madirisha, hushinda stika zote kwa kudumu: hakina ukingo wa kuinuka wala gundi ya kuchoka. Lakini hakirudi kuwa angavu, na kile cha kupigwa mchanga hushika alama za mafuta ya vidole kwa urahisi. Ipo pia rangi ya ukungu ya kupulizia kutoka kwenye kopo. Inafaa kwa vioo vidogo vyenye umbo gumu kukata stika, kama la nusu duara juu ya mlango. Kwa dirisha pana huacha mawingu mazito hapa na mepesi pale, na haipendekezwi.

Kazi yenyewe

Usafi wa kioo ndio nusu ya kazi kwa aina zote mbili, na kwa yenye gundi ni zaidi ya nusu. Kioo huoshwa kwa maji na sabuni, kisha kikiwa bado kimelowa hukwanguliwa kwa wembe ulioinamishwa, kwa kuusukuma mbele tu bila kuurudisha, ili kuondoa matone ya rangi na alama za nzi ambazo kitambaa hupita juu yake bila kuziona. Fremu na pembe zake pia hufutwa, kwa kuwa vumbi linaloharibu stika mara nyingi hutoka hapo, likisombwa na maji wakati wa kubandika. Kitambaa kinachoacha nyuzi kisitumike. Feni izimwe.

Vipimo huchukuliwa kwa kila kioo peke yake, kwani vioo vinavyoonekana sawa mara chache huwa sawa, na stika hukatwa ikizidi kioo kwa sentimita mbili hivi kila upande. Maji ya kupulizia hutengenezwa kwa matone machache ya sabuni ya maji ndani ya lita moja. Sabuni hiyo ndiyo inayoizuia gundi isishike papo hapo na kumpa mbandikaji nafasi ya kuiteleza stika hadi ikae sawa. Ikizidi, gundi hucheleweshwa mno na povu hunaswa chini.

Hatua ngumu kuliko zote kwenye stika yenye gundi ni kuitenganisha na ngozi ya plastiki inayoifunika mgongoni. Kucha hazifai kwa sababu huichubua kona. Njia iliyo rahisi ni kubandika vipande viwili vya selotepu kwenye kona moja, kimoja mbele na kingine nyuma, kuviacha vining'inie kidogo nje, kisha kuvivuta kwa pande mbili tofauti. Ngozi huachia yenyewe. Kuanzia hapo watu wawili ni bora kuliko mmoja. Mmoja huivuta ngozi taratibu na mwingine hupulizia maji kwenye gundi kila inapofunuka, bila kuacha hata sehemu moja kavu, maana gundi kavu ikijigusa yenyewe haitenganiki salama. Kioo nacho hulowanishwa kwa wingi. Anayebandika stika isiyo na gundi hupita hatua hii kwa utulivu kabisa: hubandua, hupulizia maji, huweka, na akikosea huanza upya. Ngozi yake ya nyuma isitupwe, kwa sababu siku stika itakapobanduliwa itahifadhiwa humo ikiwa imeviringishwa bila kukunjwa.

Stika ikishakaa mahali pake, uso wake hupuliziwa maji ili kifutio cha vioo chenye ukingo wa mpira kiteleze bila kuikwaruza, na maji yaliyo chini hukamuliwa kuanzia katikati kwenda kingoni kwa mikupuo inayopandana. Kisha ziada hukatwa kwa kisu cha wembe mpya kinachofuata rula ya chuma. Hapa lipo jambo linaloamua kama stika itadumu. Isikatwe ikigusa fremu. Huachwa upenyo wa milimita moja hadi mbili pande zote, ambao kwa umbali wa hatua moja hauonekani. Upenyo huo huyapa maji njia ya kutokea mkupuo wa mwisho unapopigwa, na huizuia stika isisukumwe na mpira wa fremu unapotanuka kwa joto. Stika iliyobanwa hadi kwenye mpira huanza kuinuka hapohapo ilipobanwa. Kwa upande wa isiyo na gundi, upenyo huo hauna haja ya kuwa mpana zaidi, kwani kusinyaa kwenyewe kutauongeza.

Baada ya kazi, stika yenye gundi huweza kuonekana ya kukatisha tamaa: ina ukungu usio sawa, vifuko vidogo vya maji, michirizi. Vifuko vya maji hukauka vyenyewe kwa siku chache hadi wiki kadhaa, kutegemea joto na unene wa stika, na kuvitoboa ni kuharibu. Viputo vya hewa ni jambo jingine. Havikauki, na hupaswa kukamuliwa siku hiyohiyo. Dirisha lisioshwe mpaka gundi ikaze, na watengenezaji wengi hushauri kusubiri siku 30. Kubandika kusifanyike jua likipiga kioo moja kwa moja, kwa maana maji hukauka kabla ya stika kukaa sawa. Baadaye, usafishaji wa kawaida wa aina zote mbili ni maji, sabuni laini na kitambaa laini. Dawa za kusafishia zenye amonia na sponji za kusugulia huziharibu.

Siku ya kubandua

Stika isiyo na gundi hutoka kwa kuvutwa kona, na kioo hubaki safi. Yenye gundi huhitaji subira, ila haiharibu kioo ikiondolewa ipasavyo. Hupashwa joto kwa mashine ya kukaushia nywele, sehemu moja baada ya nyingine, na huvutwa taratibu ikiwa imelala karibu sambamba na kioo badala ya kuvutwa kuelekea kifuani. Ikivutwa kwa namna hiyo, gundi nyingi hutoka nayo. Gundi inayobaki hulowekwa kwa maji ya sabuni ya moto na kukwanguliwa kwa wembe kwenye kioo kilicholowa. Kioo kikubwa cha baridi kisipashwe moto mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa sababu ileile ya msongo wa joto iliyoelezwa juu. Mpangaji anayeweza kuifanya kazi hii hana sababu ya kuiogopa stika yenye gundi, mradi amepata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Dirisha kwa dirisha

Dirisha la bafuni lililo karibu na bomba la mvua ningelipa stika ya gundi ya poliesta, ukungu mzito, iliyopita jaribio la kidole chenye maji. La chooni lisilorukiwa na maji linaweza kuvumilia aina yoyote. Chumba cha kulala kinachotazamana na njia kinahitaji stika ya gundi pamoja na pazia la usiku, au pazia peke yake kama mwanga wa mchana si hoja. Kwenye jikoni, mafuta ya mvuke hutua juu ya kila kitu na dirisha hufutwa mara kwa mara, kwa hiyo gundi ina nafasi bora. Chumba cha kupanga kwa muda mfupi, chumba cha mtoto, au ofisi ndogo ya nyumbani ambayo mpangilio wake haujatulia, ni mahali pa stika isiyo na gundi.

Stika zenye maua au vigae vya kuchorwa zichunguzwe kwa karibu kabla ya kuchaguliwa, kwani katika baadhi yake nafasi kati ya ua na ua ni plastiki angavu, na mtu anayekaribia dirisha kutoka nje huweza kuchungulia kupitia nafasi hizo.

Sebule ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu kulifunika dirisha lote la sebule ni kujinyima anga, miti na habari za hali ya hewa kwa ajili ya watu wanaopita kwa dakika chache. Mara nyingi inatosha kufunika nusu ya chini. Ili kujua mahali pa kuishia, mtu mmoja asimame nje mahali ambapo wapita njia husimama, na mwingine aketi ndani mahali ambapo familia huketi. Mtu wa tatu hupandisha karatasi kwenye kioo mpaka aliye nje aseme haoni tena nyuso za walioketi; hapo huwekwa alama ya penseli kwenye fremu. Kwa nyumba iliyo sawa na usawa wa njia, alama hiyo huangukia karibu na kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Nyumba iliyo chini ya njia, au inayotazamana na ghorofa, haitasaidiwa na nusu ya chini, kwa kuwa macho hutoka juu, na kwake ama dirisha lote hufunikwa ama pazia hurudi kazini. Ukingo wa juu wa stika iliyoishia katikati ya kioo hukatwa kwenye meza kabla ya kubandikwa, kwa rula, kwa sababu kisu kikipitishwa juu ya kioo kitupu huweza kuacha mkwaruzo utakaoonekana kila asubuhi.